Nataka kung'oa hita ya tenki niweke ya papo kwa papo, nishaurini kabla sijatoboa ukuta

#1 Mzee wa Parachichi

Wakuu salaam.

Niko Njombe mjini, nyumba yangu mwenyewe, mabafu mawili: la chumbani kwetu na la watoto upande wa pili wa korido. Mwaka wa sita sasa natumia hita ya tenki, lita 80, imefungwa nje ukutani chini ya paa. Wanaoijua Njombe ya Juni na Julai hawahitaji maelezo. Asubuhi unakuta sakitu kwenye majani, na maji ya bomba ukinawa vidole vinakufa ganzi.

Kinachoniua ni LUKU. Tuko watano ndani, mwezi uliopita nimenunua umeme wa 79,000, uniti 221. Jirani yangu ana familia kama yangu na hafikishi nusu ya hapo, ila yeye anachemshia kuni. Hita haizimwi. Iliwashwa siku ilipofungwa na ipo hivyo hadi leo.

Juzi nimekwenda dukani, kijana akanionyesha hizi ndogo za papo kwa papo, hazina tenki, maji yanapata moto yakiwa yanapita. Kaniambia zinapunguza umeme kwa nusu. Bei yake haifiki hata theluthi ya tenki jipya. Nimevutiwa, nataka ning'oe tenki niweke mbili, moja kila bafu.

Wenye uzoefu nipeni ukweli. Moderata, msiunganishe huu uzi na ule wa majiko, ni mambo mawili tofauti.

#2 Kaa la Moto

Kumbe Njombe mnaoga kila siku? 😂

#3 Mzee wa Parachichi

Mke wangu ni mtu wa Tanga. Sina namna.

#4 Waya Mwekundu

Mkuu, mimi ni fundi umeme, Mbeya. Kazi hii nimeifanya miaka mingi na nimezifunga zote mbili nyingi tu, kwa hiyo sina upande.

Kwanza huyo kijana wa dukani kakudanganya, au na yeye kadanganywa. Maji hayajui yamechemshiwa wapi. Lita 20 zikitoka nyuzi 14 kwenda nyuzi 39 zinakula umeme uleule, uzichemshe kwenye tenki, kwenye birika au kwenye hita ya papo. Kuna hesabu moja rahisi mno: lita mara nyuzi zinazopanda, gawa kwa 860, unapata uniti. Lita 20 mara 25 gawa kwa 860 ni uniti 0.58. Kwa bei ya sasa ya sisi tunaopata uniti 28 kwa elfu kumi, ni kama shilingi 207 kwa mtu kuoga mara moja. Watu watano, uniti 2.9 kwa siku, 87 kwa mwezi. Hizo hazikwepeki, labda uanze kuoga maji ya baridi.

Kinachotofautisha ni joto linalopotea wakati hakuna anayeoga. Tenki lako liko nje, kwenye baridi, limewashwa saa 24. Usiku kucha linapoa, themostati inawasha, linapoa, inawasha. Hapo ndipo unapoteza, na hita ya papo haina hilo.

Kwa hiyo kabla hujanunua chochote, pima. Usiku wote wakishalala, zima kila kitu mpaka friji, acha hita peke yake. Subiri taa yake izime, maana yake maji yameshafika moto uliowekwa, kisha soma mita. Asubuhi kabla hajafungua mtu bomba, taa ikiwa imezima tena, soma tena. Ulete namba hapa.

#5 Chumvi Kigamboni

Usimsahaulishe suala la maji mkuu. Mimi niko Kigamboni, kisima changu kina chumvi. Hita ya kwanza ya papo koili yake ilidumu miezi minne. Ikaanza kutekenya, ukigusa bomba unahisi vidole vinawashwa, siku nyingine inarusha breka. Kumbe zipo koili za aina mbili, ya maji ya kawaida na ya maji ya chumvi, na dukani hawakuulizi. Waliniuzia ya maji ya kawaida nami nikabeba.

Nyingi ya hizi hita za shawa koili iko uchi, inagusana na maji moja kwa moja. Maji ya chumvi yanapitisha umeme vizuri kuliko matamu. Sasa hapo ethi yako, ule waya wa kupeleka umeme uliovuja ardhini, ikiwa ya kuchora kwenye karatasi tu, unaoga huku unaomba Mungu.

#6 Mzee wa Parachichi

Maji yetu ni matamu, ya mserereko kutoka milimani, hata sabuni inatoa povu kuliko unavyotaka. Kwa chumvi niko salama.

Fundi, usiku wa leo napima. Mke ameniuliza kwa nini nazima friji, nimemwambia ni utafiti.

#7 Tokeni

Niko Nairobi, hapa kwetu nyumba nyingi za kupanga ni hizo instanti tu, tenki utalipata kwa wenye nyumba zao au hotelini. Nimeishi nazo miaka kumi. Zina raha yake: unaamka saa kumi na moja, unabonyeza swichi nje ya bafu, unaoga, unazima, kwisha. Hakuna kungoja.

Lakini kitu hawakwambii ni kwamba unaoga kulingana na stima. Jioni watu wote wakiwa wanapika, maji yanakuwa vuguvugu. Basi unapunguza bomba ili yapate moto, unapunguza, unapunguza, halafu taa inazima yote yanakuwa barafu, na uko na sabuni kichwani. Kila mpangaji wa Nairobi anaijua hiyo dansi.

#8 Waya Mwekundu

Tokeni umemaliza, na hiyo dansi ina sababu yake, ngoja niieleze maana ndiyo itamkuta mzee wa Njombe.

Nguvu ya koili inashuka haraka kuliko volti. Volti ikishuka kwa asilimia kumi, nguvu haishuki kwa asilimia kumi, inashuka karibu mara mbili ya hapo. Hita iliyoandikwa kilowati 5.5 kwa volti 230, ukiipa volti 195 inabaki chini kidogo ya kilowati 4. Tenki halijali hilo: kama volti ni ndogo litachukua saa mbili badala ya moja na nusu, wewe uko sebuleni unatazama taarifa ya habari, hata hujui. Hita ya papo haina huo muda, maji yanapita mara moja tu.

Sasa chukua kilowati, zidisha kwa 14, gawa kwa nyuzi unazotaka zipande. Unapata lita kwa dakika. Kwa Njombe, maji ya nyuzi 14 kwenda 39: 5.5 mara 14 ni 77, gawa kwa 25, lita 3 kwa dakika. Hiyo ni shawa nyembamba lakini unaoga. Volti ikiwa 195 unabaki na lita 2.2. Na hizi hita ndani zina swichi inayosukumwa na maji, mkondo ukiwa mdogo mno inajizima ili koili isiungue. Nyingi zinajizima kwenye lita mbili hadi mbili na nusu. Umeona dansi inapotokea? Unapunguza maji yapate moto, na moto unaoutaka uko chini ya pale hita inapojizima.

Dar maji ya bomba yanakuja na nyuzi 26 au 27. Wao wanahitaji nyuzi 12 tu, hita hiyohiyo inawapa lita 6. Kwa hiyo ushauri wa mtu wa Dar kuhusu hita ya papo, mzee, usikilize halafu gawa kwa mbili.

#9 Kaa la Moto

Sisi wa Dar tunaoga maji ya moto ya nini sasa? Mwezi wa kwanza bomba lenyewe linatoa chai.

#10 Mbeba Boksi

Salaam kutoka Minnesota. Huku nyumba nyingi zina tenki la gesi kwenye besimenti, galoni 40 au 50, yaani lita 150 hadi 190, moto unawaka humo kila likipoa. Mwaka juzi langu lilianza kuvuja nikahamia isiyo na tenki, ya gesi.

Naandika ili muone tofauti. Yangu ina nguvu ya BTU 199,000 kwa saa, hiyo ni kama kilowati 58. Mara kumi ya hiyo mnayozungumzia. Na inazihitaji, kwa sababu Januari maji yanaingia na nyuzi 4 au 5. Nikitumia kanuni ya fundi, zikipanda nyuzi 35 napata lita zaidi ya 20 kwa dakika, mabafu mawili na jikoni kwa pamoja. Wenzangu waliotaka ya umeme kwa nyumba nzima waliambiwa kilowati 27, ampia 112 kwa volti 240, wakatakiwa kubadilisha bodi yote ya umeme. Wengi waliishia hapohapo.

Kwa hiyo mkiangalia video za Wamarekani wakisifia kuondoa tenki, jueni wanaongelea mashine ya namna hii, siyo kikopo cha juu ya shawa. Jina moja, vitu viwili tofauti kabisa.

#11 Mzee wa Parachichi

Namba hizi hapa. Saa 4:20 usiku mita 6,412.3. Saa 12:20 asubuhi 6,412.9. Saa nane, uniti 0.6, na hakuna aliyegusa maji.

#12 Waya Mwekundu

Safi sana. Kwa siku ni 1.8, kwa mwezi 54. Kama 19,000 kila mwezi zinapasha moto ukuta wa nyumba yako na ndege wa Njombe.

Themostati iko wapi?

#13 Mzee wa Parachichi

Imezungushwa mpaka mwisho. Fundi aliyefunga alisema huku baridi, acha mwisho.

#14 Waya Mwekundu

Fundi maiko huyo. Irudishe nyuzi 60. Usishuke chini ya hapo sana, maji yanayokaa vuguvugu muda mrefu kwenye tenki yanazalisha bakteria. Nunua na taima ya kwenye bodi, ile ya kuwasha na kuzima kwa saa. Weka iwake saa 10:30 alfajiri hadi 12:30, na saa 11 hadi 1 jioni. Kaa nayo wiki mbili, ukiona bado unataka kuling'oa ling'oe.

Swali lingine: anodi ulibadilisha lini?

#15 Mzee wa Parachichi

Anodi ndiyo nini?

#16 Waya Mwekundu

Naam. Nilijua.

Ndani ya tenki kuna fimbo ya magnesiamu. Kazi yake ni kuliwa na kutu ili tenki lisiliwe. Baada ya mwaka mmoja au miwili imekwisha, unaweka nyingine, bei yake si kitu. Isipobadilishwa kutu inahamia kwenye tenki lenyewe. Miaka sita! Zima umeme, funga maji, mwaga yote, fungua uone. Na ukiona maji ya kwanza yanatoka mekundu, jiandae kisaikolojia.

#17 Mama wa Njiro

Habari zenu. Mbona hakuna anayetaja gesi? Niko Arusha, nina hita ya papo ya gesi mwaka wa tatu. Inatoa lita 10 kwa dakika, haijali volti, na umeme ukikatika naoga kama kawaida kwa sababu cheche yake inatokana na betri mbili kubwa za tochi. Wageni wangu wanashangaa nyumba iko giza na maji yana moto.

Kuhusu gharama, kilo moja ya gesi ina joto la karibu uniti 12.8, lakini siyo lote linaingia kwenye maji, chukua asilimia 80. Kuoga mara moja kwa hesabu ya fundi inakula kama gramu 57. Kama kilo unaipata kwa 3,800, ni shilingi 215 au zaidi kidogo. Karibu sawa na umeme. Sikuhamia kuokoa hela, nilihamia nipate maji mengi ya moto bila kugombana na volti.

#18 Waya Mwekundu

Mama, yako imefungwa ndani ya bafu au nje?

#19 Mama wa Njiro

Nje kabisa, ukuta wa nyuma, na mtungi uko kwenye kibanda chake. Fundi wa kwanza alitaka kuifunga ndani ya bafu "iwe karibu na shawa". Nilimfukuza.

#20 Waya Mwekundu

Mungu akubariki. Wasomaji wote: hita ya gesi isiyo na bomba la kutolea moshi nje isiingie bafuni, hata kama kuna dirisha. Ni habari ileile ya jiko la mkaa chumbani. Hewa ya sumu haina harufu, mtu anaishiwa nguvu akiwa anaoga, mlango umefungwa kwa ndani. Kwenye hili sitanii.

#21 Uniti 75

Mimi niko kile kikundi cha matumizi madogo, mwisho uniti 75 kwa mwezi, kila uniti shilingi 100 kabla ya tozo. Nikiweka hii ya papo ya kilowati 5.5 si watanitoa kwenye kikundi?

#22 Waya Mwekundu

Wanaangalia uniti ulizonunua kwa mwezi, siyo ukubwa wa kifaa. Mtu mmoja akioga mara moja kwa siku kwa maji ya Dodoma au Morogoro anatumia uniti 10 hivi kwa mwezi. Piga hesabu ya vilivyobaki. Ila kikundi hicho na hita isiyozimwa, hapana.

#23 Mzee wa Parachichi

MREJESHO, wiki mbili na nusu baadaye. Samahani kwa kimya, tulikuwa shambani tunavuna.

Taima nimeweka, 35,000 pamoja na ufundi. Themostati nimeishusha mpaka 60. Matumizi yamekuwa uniti 6.2 kwa siku, mwanzo yalikuwa 7.4. Ni uniti 36 kwa mwezi, karibu 13,000, na hakuna mtu hata mmoja ndani aliyelalamika. Taima itakuwa imejilipa ndani ya miezi mitatu. Miaka sita nimetupa hela, nimeamua nisiipige hiyo hesabu.

Tenki nimelifungua. Maji ya kwanza yalikuwa rangi ya chai ya rangi. Fimbo yenyewe hakuna, kumebaki waya mwembamba kama spoku ya baiskeli. Chini kuna tope la kutu nusu ndoo. Ila mwili wa tenki fundi kaukagua kwa tochi, anasema bado. Nimeweka anodi mpya.

Sasa la pili. Nilipima na bafu la watoto. Kutoka tenki hadi shawa yao ni bomba la mita 14, linapita darini. Mtoto akifungua maji ya moto anamwaga karibu lita mbili za baridi kwanza, halafu akifunga, lita mbili nyingine za moto zinabaki kwenye bomba zinapoa. Watoto watatu, kila mmoja kwa wakati wake, maana mmoja yuko sekondari anaamka saa kumi.

Nikajiuliza, labda hita ya papo mahali pake ni pale kwa watoto tu. Fundi unasemaje?

#24 Waya Mwekundu

Sasa unaongea kama fundi. Mahali pake ni pale hasa: mbali na tenki, watu wanaoga kwa kupokezana, maji kidogokidogo. Tenki libaki kwenu.

Ila kabla ya kununua nipe vitu vitatu. Volti saa sita mchana na volti saa moja jioni, pale kwenye bodi. Waya uliopo bafu la watoto ni wa milimita ngapi. Na ujaze ndoo ya lita 20 kutoka kwenye shawa yao, upige saa.

#25 Mzee wa Parachichi

Mchana 228. Jioni 203. Waya hakuna, bafu lao lina taa tu. Lile la kwetu lina waya wa 2.5. Ndoo imejaa kwa dakika 4 na sekunde 10. Simtanki liko kwenye mnara, kitako chake kimezidi shawa kwa mita mbili na nusu hivi.

#26 Waya Mwekundu

Ndoo: lita 4.8 kwa dakika. Inatosha kuiwasha hita. Mita mbili na nusu za kimo ni presha ya bar 0.25 tu, kwa hiyo soma kwenye boksi presha ya chini kabisa inayokubaliwa. Zipo zinazowaka na kimo cha mita moja, zipo zinazotaka zaidi, na zipo zenye pampu ndogo ndani. Hiyo ya pampu usinunue kama huihitaji, ni kitu kingine cha kuharibika.

Volti 203 jioni inakupa kilowati 4.3, lita 2.4 kwa dakika. Hapo ni pembeni kabisa mwa shimo. Asubuhi saa kumi volti itakuwa nzuri. Watoto waogeshe asubuhi au kabla ya magharibi, saa ya mapishi waache.

Usidanganyike kununua ya kilowati 7.5 ili ushinde volti. Inavuta ampia 33, nayo ikiwaka inazidi kuishusha hiyo volti yenyewe kama laini yako kutoka nguzoni ni ndefu. Baki na 5.5, ampia 24.

Waya: mpya, milimita 6, kutoka kwenye bodi moja kwa moja bila kuunga popote. Wa milimita 4 unaweza kubeba, lakini unapita darini kwenye joto la bati na umbali ni mrefu, tofauti ya bei usiililie. Breka yake peke yake, ampia 32. Swichi ya kukata waya zote mbili, nje ya bafu. RCD ya miliampia 30, ile breka inayokata umeme ukivuja, hiyo siyo pambo. Ethi ipimwe kwa mita, siyo kwa macho. Kuna nyumba nimefukua rodi ya ethi nikakuta ni nondo ya futi moja.

Na mtu yeyote akikwambia unaweza kuichomeka kwenye soketi ya kawaida, soketi hiyo ni ampia 13, kilowati 3. Itayeyuka. Nimeziona zimeyeyuka.

#27 Tokeni

Naongeza, tafadhali usikubali waunganishe zile waya kwa kusokota na utepe mweusi juu ya shawa. Nyumba niliyopanga mara ya mwisho ndivyo ilivyokuwa. Ilinuka wiki nzima, nikadhani ni jirani anachoma plastiki.

#28 Mzee wa Parachichi

MREJESHO WA MWISHO, mwezi na siku tano.

Hita ya papo imefungwa kwa watoto. Jumla imenitoka 310,000: hita, waya mita 19 (darini kuna kona ambazo sikuzihesabu), breka, RCD, swichi, rodi mpya ya ethi na ufundi. Hita yenyewe haikufika hata nusu ya hiyo hela. Kijana wa dukani alinitajia bei ya hita tu, hakunitajia bei ya kuifunga.

LUKU mwezi huu uniti 172. Kutoka 221. Katika hizo 49, taima ndiyo iliyoleta 36, hita ya papo imeleta 13, na nadhani sehemu ya hizo ni kwa sababu shawa ni nyembamba kuliko ya zamani, watoto hawakai humo. Kwa shilingi 4,600 za mwezi hiyo laki tatu sitaiona ikirudi mpaka huyu wa sekondari amalize chuo. Lakini wa kuamka saa kumi hasubiri mtu, na mimi taima yangu haihitaji kuamka naye.

Jioni ni kama mlivyosema. Saa moja na nusu ni vuguvugu. Nimebandika karatasi mlangoni: mwisho saa kumi na mbili.

#29 Chumvi Kigamboni

Safi mkuu. Ila RCD ibonyeze kitufe chake cha kupimia kila mwezi, isikae kama sanamu.

#30 Kaa la Moto

Swali la msingi halijajibiwa. Nyumba nzima imekubali?

#31 Mzee wa Parachichi

Wote isipokuwa mama mkwe. Amekuja toka Tanga kukaa nasi miezi miwili, tumempa chumba upande wa watoto. Nilimweleza hita mpya inavyofanya kazi, maji yanapita kwenye koili na umeme ukiwa umewaka. Akanisikiliza mpaka mwisho, kwa adabu zote, akasema, "Baba, umeme ukiwa umewaka?" Nikasema ndiyo mama. Akasema, "Basi hapo wataoga wenye kuujua."

Anaoga chumbani kwetu, kwenye tenki. Kila siku saa kumi na mbili jioni namsikia anapita koridoni, anazima swichi kwenye bodi, anasubiri kidogo, ndiyo anaingia bafuni.

#32 Waya Mwekundu

Huyo mama asirudi Tanga. Mwachie uangalizi wa bodi.